Siku Aliyoniomba Nisimtanie Kwenye Mkutano wa Gari

Mimi ni mkosaji. Nalisema hili kabla sijaanza kujipamba, maana najijua. Nikipewa nafasi ya kuongea huwa nachekesha watu, na watu wakishacheka wananisamehe kila kitu. Leo sitaki mtu acheke.

Jina langu liacheni. Kijiji chetu nacho sikitaji, ila kipo huku kwenye milima ya Uluguru, mahali ambapo siku isiyo na ukungu unaiona Morogoro mjini imelala yote chini. Mimi ni mama mwenye mgahawa pale Njiapanda, barabara ya kutoka mjini inapogawanyika, moja iende shuleni na nyingine ipande kitongoji cha juu. Napika chai, chapati na maharage, na supu siku za gulio. Lakini ukweli ni kwamba mdomo wangu unajulikana kuliko chapati zangu.

Sasa sikilizeni. Sisi Waluguru tuna utani wa koo. Ukoo wangu na ukoo wa mtu mmoja nitakayemweleza hapa ni watani tangu enzi za mababu. Kwa asiyejua, mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu. Anaweza kubeba kuku wako. Siku ya msiba wako anaweza kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeaibika wewe na ukoo wako wote.

Huyo mtu nitamwita Mtani tu, maana ndivyo nilivyomwita maisha yangu yote. Anakaa kitongoji cha juu. Kwa umri ni wa kumpa shikamoo, rika moja na baba yangu mdogo. Mimi sikuwahi kumpa shikamoo hata siku moja. Watani hawaamkiani hivyo.

Alikuwa akipita asubuhi ananiita kwa sauti ya kusikika barabara nzima, "Mtumwa wangu! Bado hujafa tu?"

"Nife nimwachie nani biashara? Wewe mzee unayeazima meno ya kutafunia?"

Basi atacheka, atafunua hotipoti, atachukua chapati moja na kuondoka nayo. "Ukinidai nakuuza Turiani kwa gunia la mpunga!" Halipi, hadaiwi. Ilikuwa hivyo miaka na miaka, na asubuhi asipopita niliona siku haijaanza.

Mkewe ni Bi Zena. Jamani, Bi Zena! Wakati naanza biashara chapati zangu zilikuwa ngumu kama kandambili. Wateja walinisema pembeni. Yeye ndiye aliyeshuka kutoka huko juu, akakunja kanga, akanionyesha namna ya kukanda unga na maji ya moto na kuuacha upumzike. Hakutaka hata asante. Kila chapati niliyouza tangu siku hiyo ina mkono wake.

Kisha akapata kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa, na maneno yakamwishia mdomoni. Alipotoka hospitali mjini walimwambia arudi kila wiki kwa mazoezi ya viungo. Daktari aliwaeleza waziwazi kwamba akiyafuata bila kukosa, ipo siku atasimama mwenyewe. Na kweli, alianza kusogeza vidole. Alianza kutamka jina la mumewe, nusu nusu.

Tatizo lilikuwa kufika huko hospitali. Bodaboda hawezi kukaa, mwili unaegemea upande mmoja. Walijaribu kumfunga kwa kanga katikati ya dereva na mumewe, kidogo wote watatu waingie korongoni. Kwa hiyo Mtani akawa anambeba mgongoni. Anamfunga kanga kama mtoto, anashuka naye kile kilima mpaka Njiapanda, wanakaa kwenye benchi langu kusubiri fuso la ndizi au gari la mtu yeyote mwenye huruma. Siku nyingine gari halipatikani, anambeba tena kurudi juu. Wiki walizokosa zilikuwa nyingi kuliko walizokwenda.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Msije mkasema sikujua.

Ndipo mtendaji akapita na kipaza sauti kutangaza kwamba watu wa usafiri wanakuja kutoka mjini. Kuna ruti mpya ya daladala inapangwa kuja kwetu, na kabla hawajaipitisha wanataka maoni ya wananchi. Swali lilikuwa moja tu, gari liishie Njiapanda au lipande mpaka kitongoji cha juu, kwenye uwanja wa msikiti.

Kijiji kizima kilifurahi. Mimi nilifurahi mchana, ikafika jioni nikaanza kupiga hesabu.

Maana mimi ni mtu wa biashara, najua. Gari linapogeuzia ndipo dereva na konda wanapokunywa chai. Ndipo abiria wanaposubiri, ndipo watoto wanapolilia andazi. Gari likiishia Njiapanda, mimi nimepata. Likipanda juu, litapita mbele ya mgahawa wangu likinirushia vumbi, na huko juu mtu mwingine atafungua mgahawa wake kando ya msikiti. Niliwaza hivyo mpaka nikamchukia huyo mtu ambaye hata hayupo!

Siku moja kabla ya mkutano, alasiri, Mtani akaja. Hakunitukana, wala hakufunua hotipoti. Alivuta benchi akakaa, na mimi nikaogopa, maana sijawahi kumwona hivyo.

"Mtani," akaniambia, "kesho nitasimama mkutanoni. Nataka niwaambie habari ya mgonjwa wangu, gari lifike juu."

"Simama tu, nani amekukataza?"

"Nakuomba jambo. Kesho nipumzishe. Kesho peke yake usinitanie. Mimi si msemaji, unanijua. Nikisimama mbele za watu maneno yananikimbia. Wewe ukinirushia moja tu, nimekwisha."

Nilitaka kucheka. Kisha nikamwangalia macho. Yule mzee alikuwa ananibembeleza!

"Nimekuachia, Mtani," nikasema. "Wallahi kesho sikugusi."

"Kesho kutwa nitukane mpaka uchoke."

"Hiyo hata usiniombe."

Akacheka kidogo, akanyanyuka. Niliapa kwa jina la Mungu, ndugu zangu, na unga ukiwa mikononi mwangu, unga alionifundisha mkewe kuukanda.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Watu walijaa, wengine juu ya matofali, wengine wameketi kwenye nyasi. Wataalamu walikuja na gari lao, na aliyeongoza alikuwa dada mmoja mpole, mgeni wa huku, lafudhi yake ya kanda ya ziwa. Alituamkia vizuri. Akaeleza kwamba wenye magari wangependa kuishia Njiapanda kwa sababu ule mlima unakula matairi na mafuta.

"Lakini ndiyo maana tumekuja kuwasikiliza," akasema. "Kama huko juu kuna watu wenye uhitaji, wagonjwa, walemavu, wajawazito, tunaomba waseme wenyewe. Hilo linaweza kubadilisha uamuzi."

Nilimtafuta Mtani kwa macho. Alikuwa nyuma, amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili.

Wakasema watu wa Njiapanda, tukapiga makofi. Akasema kijana mmoja wa juu lakini alizungumzia mizigo ya ndizi, hakuna aliyemjali sana. Kisha mkono wa Mtani ukapanda.

Alisimama. Akakohoa. "Mimi," akasema, "mimi ninaye mgonjwa." Akaizungusha kofia mikononi. Watu wakageuka kumwangalia. "Ni mke wangu. Hawezi… upande huu wote. Hospitali wametaka aende kila wiki. Mimi huwa ninambeba."

Uwanja ukatulia. Sijawahi kuona mkutano wa kijiji chetu umetulia hivyo. Yule dada aliacha kuandika kwenye kompyuta yake, akainama mbele kidogo ili amsikie vizuri. "Endelea baba," akamwambia kwa upole.

"Ninambeba mgongoni," Mtani akasema. "Sasa mimi nguvu nazo…"

Niliona anashinda. Nawaambia ukweli wa Mungu, sikuteleza ulimi. Niliona sura ya yule dada, nikajua gari limeshapanda juu, nikauona mgahawa wangu mtupu. Nikasimama.

"Mtani!" nikapaza sauti. "Unalilia gari la nini, na gari la juu si ni wewe mwenyewe? Matairi ni hiyo miguu! Honi ni hicho kikohozi! Mafuta yako ugali na mlenda! Abiria unaye mmoja, na nauli hakupi!"

Jamani! Uwanja ulipasuka. Watu walishika mbavu. Mwenyekiti wa kijiji alifuta machozi kwa kofia yake. Na mimi shetani alishanipanda, sikuishia hapo.

"Kaa chini kabla trafiki hajakukamata, huna leseni!"

Kicheko kikaongezeka. Katikati ya kicheko hicho Mtani aliniangalia. Ni muda mfupi tu, lakini mpaka leo nikifumba macho naiona ile sura. Haikuwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyeshika mkono wa mwenzake kwenye mteremko, halafu ukaachiwa.

Kisha akafanya kile ambacho sheria ya utani inamtaka afanye. Akacheka. "Huyu mtumwa nitamuuza," akasema kwa sauti ndogo, na watu wakacheka zaidi. Angefanya nini? Akikasirika, yeye ndiye mkosaji. Akilia, ameaibisha ukoo. Nilimpiga mahali ambapo mila zinamfunga mikono, na nilichagua mahali hapo kwa makusudi.

Yule dada mgeni alikuwa anatabasamu huku amechanganyikiwa. "Baba, ulikuwa unaendelea?"

"Basi mwanangu," Mtani akajibu. "Nimemaliza."

Akakaa. Hakuna mtu mwingine wa juu aliyesimama. Nani angesimama baada ya pale?

Siku hiyo nilipigwa mabega na watu. "Wewe mama ni hatari!" Chai iliisha, chapati ziliisha, nikauza mpaka maharage ya jana. Usiku mume wangu akaniuliza kama Mtani hakuumia. Nikamjibu, "Utani hauna kuumia." Akageukia ukutani.

Mngedhani dhambi yangu iliishia hapo. Hapana! Iliyofuata ndiyo mbaya zaidi.

Baada ya wiki kadhaa wale wataalamu walirudi kutusomea walichokiandika, tukithibitishe kabla hakijapitishwa. Ule mkutano ulikuwa mdogo, ndani ya darasa. Mvua ilinyesha tangu alfajiri na watu wa juu hawakuweza kushuka. Mtani hakuwepo, mkewe alikuwa na homa. Tuliokuwepo karibu wote ni wa Njiapanda.

Yule dada alisoma, ruti itaishia Njiapanda. Kisha akasita. "Kuna mzee siku ile alianza kueleza habari ya mgonjwa. Hakumaliza. Nimekuwa nikimfikiria. Hebu nisaidieni, hali yake ikoje?"

Mvua inapiga bati, na watu wote wananiangalia mimi, kwa sababu ndimi niliyemkatiza. Hapo ndipo Mungu alikuwa ananirudishia nafasi mkononi. Ningesema tu, "Dada, mgonjwa yupo, anabebwa mgongoni, na mimi nilikosea." Ningefedheheka kidogo, basi, mambo yakaisha.

Nikasema, "Aah, yule ni mtani wangu. Siku ile tulikuwa tunataniana tu."

"Kwa hiyo hakuna mgonjwa?"

"Mambo ya utani hayo dada, wageni hamuwezi kuyaelewa."

Mnaona ujanja huo? Sikusema hayupo, wala sikusema yupo. Niliacha utani unisemee. Mwenyekiti alikohoa akaangalia dirishani. Wenzangu waliinamisha vichwa. Wote walijua na wote walinyamaza, lakini wao walinyamaza tu. Mimi nilifungua mdomo nikamdanganya mtu aliyetaka kusaidia.

Dada akashukuru, akafunga kompyuta yake.

Ruti ikaanza. Siku gari la kwanza lilipokuja tulilipokea kwa vigelegele, na mimi nilipiga kuliko wote. Biashara ikawaka. Niliongeza meza, nikaweka turubai jipya. Dereva na konda walikula kwangu asubuhi na mchana, na abiria nao hivyo hivyo.

Na kila wiki, siku ya mazoezi, nilimwona Mtani akishuka kilima na mkewe mgongoni.

Sasa mnakumbuka ule utani wangu. Neno likishatoka halirudi, na hilo langu lilipata miguu. Vijana wa bodaboda wa pale Njiapanda walimbatiza Mtani "Gari la Juu". Akitokea tu kwenye kona, wanapiga kelele, "Gari la Juu hilooo! Limeshuka na abiria mmoja!" Mwingine anaiga honi. Mtani anacheka, anawapungia mkono. Lakini mimi nilikuwa namwona Bi Zena. Masikio yake hayakupata kiharusi. Alikuwa anauficha uso kwenye mgongo wa mumewe.

Mimi nilikuwa najifanya nachochea moto.

Mtani hakunitukana tena, hakuniita mtumwa. Alikuwa anamketisha mkewe kwenye benchi, ananisalimia, "Habari za hapa?" na kusubiri gari. Nikamrushia utani mara moja, nijaribu kuona. Akatabasamu, akageukia barabara. Nikajiambia amechoka tu.

Masika yakaingia. Mnaijua masika ya Uluguru? Ule udongo mwekundu unakuwa kama sabuni. Hata mbuzi wanashuka kwa kufikiri.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika kidogo. Gari limeshageuza, linanguruma mbele ya mgahawa, konda anaita. Mara nikasikia yowe kutoka kilimani. Nikaacha chapati kwenye kikaango, nikakimbia na kandambili zangu mpaka zikabaki matopeni.

Niliwakuta chini kidogo ya kona. Mtani alikuwa amekalia mguu wake, umepinda chini yake pasipopindika. Bi Zena alikuwa mferejini, bado nusu amefungwa kanga, maji ya mvua yanampita mabegani. Alikuwa anamwangalia mumewe tu.

Vijana wa bodaboda walishafika. Mmoja akaanza, kwa mazoea, "Gari la Juu lime…" Akalimeza neno. Akageuka kuniangalia, na wenzake wakageuka pia. Ndugu zangu, katika matope yale, na mvua imeanza upya, kila mmoja alikuwa anajua neno lile limetoka kwa nani.

Tuliwabeba kwa machela ya kanga na miti. Daladala ile ile ikawashusha mjini. Nilipanda nao, nikamweka Bi Zena kichwa mapajani mwangu. Njia nzima nilikuwa nasema, "Nisamehe dada yangu, nisamehe." Sijui kama alinisikia. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, uliishika kanga yangu na haukuachia mpaka tulipofika.

Bi Zena alivunjika nyonga. Mazoezi yakaishia hapo. Vidole vilivyokuwa vimeanza kusogea vikajikunja tena, na lile jina la mumewe alilokuwa akilitamka nusu nusu, halitamki tena. Analala upande mmoja tangu siku hiyo. Mguu wa Mtani uliunga vibaya, anatembelea fimbo, na hawezi kumbeba mtu.

Hapo ndipo nilipoamka, na nilikuwa nimechelewa.

Nilikwenda mjini nikamtafuta yule dada. Nilimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, nimesimama mbele ya meza yake kama mwizi. Hakunifokea, ingawa nilitamani anifokee. Aliniangalia akasema, "Mama, nilikuuliza." Basi, maneno hayo tu. Ukaitishwa mkutano mwingine, nikasimama mbele ya kijiji chote na kusema nilichokifanya. Siku hiyo nilichosema hakikumchekesha mtu. Ruti ikabadilishwa.

Siku hizi gari linapita mbele ya mgahawa wangu na kupanda mpaka uwanja wa msikiti. Linageuzia hatua chache tu na nyumba ya Mtani, linapiga honi, na Bi Zena analisikia akiwa kitandani. Gari limefika juu, lakini yeye hawezi tena kukaa kwenye kiti chake.

Nilikwenda kuomba radhi. Mume wangu alinisindikiza mpaka mlangoni kisha akabaki nje. Mtani alikuwa anamlisha mkewe uji. Nikapiga magoti sakafuni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwambia, "Shikamoo."

Nilidhani atacheka. Nilidhani ataniambia, "Mtumwa, umeanza lini adabu?" Nilikuwa naliomba neno hilo moyoni, wallahi naliomba kama dua.

"Marahaba mama," akanijibu.

Nikalia. Nikamwambia, "Nilikuapia, nikakuvunjia. Nisamehe."

Akaweka kijiko kwenye bakuli. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Nikusamehe nini, mama? Hakuna kosa. Ulikuwa utani. Utani hauna kosa."

Ni kama maneno yangu mwenyewe, niliyomwambia mume wangu kitandani usiku ule! Nitapataje msamaha, wakati mwenye kunisamehe anasema sikukosa? Nilibaki nimepiga magoti pale, yeye akaendelea kumlisha mkewe, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likaisha.

Wenzangu, nawaambieni. Mkiitwa kwenye vikao vya namna hii, vya barabara, vya gari, vya kisima, vya chochote kile, mtu akisimama kueleza shida yake mwacheni amalize. Hata kama hajui kusema. Hata kama shida yake inagusa ugali wako. Kicheko cha watu wengi kinaweza kumkalisha chini mtu mwenye haki, na hakuna atakayejua kwamba kuna ubaya umefanyika, kwa sababu wote mlikuwa mnafurahi. Na wewe mwenye mdomo kama wangu, mtani wako akikuomba siku moja tu, mpe hiyo siku!

Na wewe uliyejua ukanyamaza, usijione umepona. Mimi nililaumiwa kwa sababu nilisema. Darasa zima lile tulitoka na matope yale yale miguuni.

Mtani hushuka na gari siku za gulio. Hukaa kwenye benchi lile lile, fimbo kando. "Habari za asubuhi, mama. Naomba chai na chapati moja." Anasubiri nimletee. Hafunui hotipoti. Anakula taratibu, anafuta mikono, anaweka hela mezani.

Nikimrudishia anaisukuma kwangu. "Chukua mama. Biashara ni biashara."

Nami nachukua, kwa sababu wateja wanaangalia. Kisha naingia jikoni, naegemea ukuta, nasikiliza fimbo yake ikienda barabarani. Kila mara nasubiri mpaka afike kwenye kona, kwamba labda leo atageuka, apaze sauti barabara nzima isikie, aseme ataniuza Turiani.